Mzigo mlimani hushushwa kwa gia, si kwa mguu

Kwenye Canter nyingi zinazobeba vitunguu, mchele, machungwa na mitumba kati ya nchi za Afrika Mashariki kuna kijiti kidogo pembeni mwa usukani ambacho mwenye mzigo hakijui, na dereva anaweza kumaliza safari nzima bila kukigusa. Kikivutwa, taa ndogo huwaka kwenye dashibodi. Kazi yake ni kuwasha breki ya ekzosi, yaani breki inayotumia nguvu ya injini kulizuia gari badala ya kuziachia breki za magurudumu kazi yote. Watengenezaji waliiweka hasa kwa ajili ya mteremko mrefu, gari likiwa na mzigo.

Miteremko ya namna hiyo ndiyo njia ya biashara ya ukanda huu. Anayetoa mchele Mbeya kuupeleka Dar es Salaam hushuka Kitonga, mkoani Iringa. Anayetoka Singida kuelekea Nzega, Kahama na mpaka wa Rusumo hushuka mlima Sekenke. Anayetoka Eldoret kwenda Nairobi hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha huporomoka kupitia Sachangwan na Salgaa hadi Nakuru, iliyo karibu mita 1,850. Anayeingia Bujumbura kutoka Bugarama huacha milima ya zaidi ya mita 2,000 na kufika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800, katika safari isiyofika kilometa 50.

Wafanyabiashara wa mipakani wanazijua njia hizi, na wanayajua maafa yake. Februari 24, 2024, eneo la Ngaramtoni kwenye barabara ya Arusha–Namanga, lori lililoelezwa kuwa lilifeli breki liliyagonga magari mengine matatu na watu 25 wakapoteza maisha, wakiwamo raia wa nchi kadhaa. Juni 30, 2023, kwenye makutano ya Londiani nchini Kenya, lori lililokuwa likielekea Kericho lilipoteza mwelekeo, likaparamia magari, abiria waliokuwa wakisubiri usafiri na wachuuzi waliokuwa na bidhaa zao kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50.

Kila ajali ina sababu zake, na uchunguzi wake ni kazi ya vyombo husika. Lakini maneno "gari lilifeli breki" yamezoeleka kiasi kwamba yanasikika kama kudra tu. Mara nyingi breki hazifeli ghafla. Zimekuwa zikichoka tangu gari lilipoanza kushuka, na kilichoamua hatima ya safari kilifanyika juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza: uzito uliopakiwa, gia iliyochaguliwa na kijiti kilichoguswa au kilichoachwa.

Joto lisilo na pa kwenda

Breki ya gurudumu haiondoi mwendo wa gari, inaugeuza kuwa joto. Pedi zinabana disiki, au viatu vya breki vinasugua ngoma, na nguvu yote iliyokuwa ikilisukuma gari inabaki pale kama moto.

Kiasi cha joto hilo kinaweza kukokotolewa. Pikapu yenye tela, jumla yake tani 5, ikishuka mlima ambao kutoka juu hadi chini ni mita 300 kwa wima, lazima ipoteze nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi. Inayobaki, kama dereva anategemea mguu peke yake, huingia kwenye vipande vichache vya chuma vilivyofichwa ndani ya magurudumu. Mzigo ukiongezwa hadi tani 7, joto nalo huongezeka kwa kiwango hicho hicho.

Chuma hicho kikizidiwa, mambo kadhaa hutokea. Ngoma ya breki hutanuka kwa moto na kujitenga na viatu vyake, hivyo pedali inakwenda chini zaidi kabla ya kushika. Pedi na viatu vikipita kiwango chake cha joto huanza kuteleza badala ya kukwaruza, na hapo ndipo harufu ya kuungua husikika ndani ya gari. Kisha joto hufika kwenye mafuta ya breki.

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, na ya DOT 4 nyuzi 230. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yakishanyonya, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Gari ambalo halijabadilishwa mafuta ya breki kwa miaka mingi hushuka mlima likiwa na akiba ndogo kuliko mwenye nalo anavyodhani. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kirahisi, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kushikwa.

Malori makubwa yenye breki za upepo hayana mafuta ya kuchemka, lakini hayako salama kwa hilo. Ngoma zake hutanuka vile vile, na dereva anayekanyaga na kuachia mara nyingi mfululizo humaliza upepo haraka kuliko mashine inavyoweza kuujaza.

Kwa nini dizeli inahitaji msaada

Dereva aliyezoea gari dogo la petroli anajua kwamba akiachia mafuta gari hushikwa lenyewe. Injini ya petroli ina mlango wa hewa unaojifunga mguu unapotoka kwenye mafuta. Pistoni zinavuta hewa zikiikosa, na kazi hiyo ya kuvuta ndiyo inayopunguza mwendo.

Injini nyingi za dizeli hazina mlango wa kuibana hewa kwa namna hiyo. Hewa huingia na kutoka bila kizuizi kikubwa, na mguu ukiachia mafuta injini husaidia kidogo tu. Ndiyo maana gari lenye nguvu nyingi wakati wa kupanda linaweza kuwa dhaifu wakati wa kushuka.

Breki ya ekzosi inaziba pengo hilo kwa njia rahisi. Ndani ya bomba la ekzosi, baada ya manifoldi au turbo, kuna kipande cha chuma cha duara kinachoweza kugeuka na kuziba njia. Dereva akivuta kijiti na kuachia mafuta, dizeli hukatwa na kipande hicho hujifunga. Hewa iliyomo kwenye silinda inakosa pa kutokea, na kila pistoni inayopanda kuisukuma nje hukutana na upinzani. Upinzani huo hupita kwenye injini, gia na propela hadi magurudumu ya nyuma. Joto linalotokea huchukuliwa na rejeta na bomba la ekzosi, ambavyo viliumbwa kwa kazi ya kutoa joto.

Kwenye pikapu kubwa za dizeli za Marekani, zile zinazovuta matela ya ng'ombe na mashine za shambani, kazi hiyo hufanywa na turbo yenyewe. Vipande vidogo ndani ya turbo hujibana na kuizuia hewa, na dereva huiwasha kwa kubonyeza kitufe. Ram zenye injini ya Cummins ya lita 6.7 zilianza kutumia mfumo huo mwaka 2007, na Ford na General Motors nazo zikafuata kwa njia zao.

Ipo pia breki ya injini ya aina nyingine, yenye nguvu zaidi, inayofungua vali za silinda wakati hewa imeshabanwa. Hiyo ndiyo inayotoa mngurumo wa mfululizo kwenye malori makubwa ya Kimarekani. Historia yake inaanzia mlimani. Mwaka 1931, Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini yenye jina lake, alikuwa akishuka mlima wa Cajon huko California na lori la dizeli likaishiwa breki. Chini ya mlima treni ya mizigo ilikuwa ikikatiza barabara, na lori likaponea chupuchupu. Baadaye Cummins alibuni breki hiyo, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuitengeneza mwaka 1961. Mtu aliyekuwa akiuza injini kwa nguvu ya kupanda alijifunza siku ile kwamba biashara yake inategemea pia kushuka.

Hesabu ya uongo ya "kuachia free"

Barabarani kuna desturi inayopingana moja kwa moja na kijiti hiki. Gari likifika kileleni, dereva anatoa gia, anaweka nyutro na kuliacha lijiporomokee lenyewe. Wengi huita kuachia free. Nchini Kenya tabia hiyo imetajwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa vyanzo vya ajali kati ya Sachangwan na Salgaa, hadi serikali ikatenganisha njia ya kupanda na ya kushuka kwa ukuta wa zege katika eneo hilo.

Sababu inayotolewa ni kuokoa dizeli. Pale ambapo dereva hupewa mafuta ya kupimiwa kwa safari, lita anayoiokoa inaweza kuwa fedha yake mfukoni.

Lakini mlimani hesabu hiyo haisimami. Gari likiwa kwenye gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hukata dizeli. Gari likiwa nyutro, injini haina cha kuizungusha isipokuwa dizeli yake yenyewe, hivyo huendelea kunywa ili isizimike. Kwenye mteremko mkali, ambako gari lazima lizuiliwe kwa njia moja au nyingine, anayeshuka kwenye gia ndiye anayetumia mafuta machache zaidi. Anayeshuka nyutro anatumia dizeli ya kusubiri, kisha anaongeza gharama ya pedi, ngoma na matairi.

Hatari nyingine ni kwamba kurudi kwenye gia si rahisi kama kutoka. Gari likishafika kilometa 80 au 90 kwa saa, gia ndogo inayohitajika haiingii tena, na breki ya ekzosi haina kazi gari likiwa nyutro, kwa sababu magurudumu na injini havishikani. Dereva anabaki na mguu wake tu, dhidi ya tani zote zilizo nyuma yake.

Tela halijui kama gari limepunguza mwendo

Wafanyabiashara wanaotumia pikapu kuvuta tela wana jambo la ziada la kulielewa. Breki ya ekzosi hulizuia gari linalovuta, kupitia magurudumu yanayozungushwa na injini. Tela haliguswi na breki hiyo. Linaendelea kusukuma kutoka nyuma, na kama barabara ni kavu na mzigo umepangwa vizuri, gari hulibeba. Barabara ikiwa imelowa, au ni ya udongo, magurudumu ya nyuma yanaweza kuteleza na tela likalikunja gari kama kisu cha kukunja.

Kwa sababu hiyo tela lenye uzito wa maana linahitaji breki zake. Kwenye pikapu nyingi zinazouzwa ukanda huu, tela lisilo na breki linaruhusiwa na mtengenezaji kuwa na uzito wa hadi kilo 750 tu, likihesabiwa pamoja na mzigo wake. Tela lenye breki linaweza kufika kilo 3,500 kwa baadhi ya pikapu hizo hizo. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara nne inatokana na breki za tela, wala si nguvu ya injini.

Matela mengi madogo hutumia breki za kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma, na msukumo ule kwenye kichwa chake ndio unaobana breki zake. Mfumo huu ni mzuri na wa bei nafuu, lakini una tabia moja ya kuangaliwa. Gari likishikiliwa na breki ya ekzosi kwenye mteremko mrefu, tela linasukuma muda wote, hivyo breki zake hubana muda wote na kupata moto wakati za gari ziko baridi. Dereva anayejua kazi husimama mahali salama, akasogeza mkono karibu na gurudumu la tela bila kuligusa, na kusikilizia joto.

Mpangilio wa mzigo nao una sehemu yake. Kanuni inayotumika na wengi ni kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela ulale kwenye ndoano ya gari. Magunia yakirundikwa nyuma ya tela, kichwa chake huinuka, hulipunguzia gari uzito wa nyuma na kuanza kuyumba kushoto na kulia. Mteremko huongeza kuyumba huko.

Namna ya kushuka

Mafunzo ya madereva wa malori sehemu nyingi duniani yanakubaliana juu ya utaratibu, na unafaa kwa Canter kama unavyofaa kwa pikapu.

Kwanza, mwendo hupunguzwa kabla ya mteremko kuanza. Gia huchaguliwa pale juu. Msemo wa zamani wa madereva kwamba gari lishuke kwa gia lililopandia bado ni kipimo kizuri cha kuanzia, na kwa magari ya kisasa yenye injini zenye nguvu inafaa kushuka gia moja chini zaidi, kwa kuwa gari jipya hupanda kwa gia kubwa ambayo haiwezi kulizuia likishuka.

Pili, breki ya ekzosi huwashwa mapema, gari likiwa bado limetulia. Hufanya kazi vizuri zaidi injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye gia kubwa na mizunguko midogo, dereva atavuta kijiti na kuona kama hakuna kitu, kisha atasema breki ya ekzosi haina maana. Lakini mizunguko isivuke alama nyekundu ya kipimo. Injini ikizungushwa na mlima kupita kiwango chake, vali zinaweza kuharibika.

Tatu, mguu hautulii kwenye breki. Kama kasi salama ya mteremko ni kilometa 40 kwa saa, dereva husubiri gari lifike 40, hukanyaga kwa nguvu ya kutosha hadi karibu 32, kisha huachia kabisa. Breki hupata sekunde za kupoa kati ya mkanyago mmoja na mwingine. Mguu unaolala juu ya pedali kilometa nzima hauzipi nafasi hiyo.

Nne, klachi haikanyagwi bila sababu. Kwenye malori madogo ya Kijapani breki ya ekzosi hujizima yenyewe dereva akikanyaga klachi au mafuta, kisha hurudi akiachia. Anayeshuka huku mguu wa kushoto umelala kwenye klachi ameizima bila kujua.

Tano, mvua ikinyesha na gari likiwa tupu au jepesi kwa nyuma, breki ya ekzosi hutumiwa kwa tahadhari au huzimwa, na gari hushushwa polepole zaidi kwa gia. Inazuia magurudumu ya nyuma tu, na magurudumu mepesi kwenye lami iliyolowa huteleza haraka.

Kwa wanaovuka Rusumo, Kobero au Gatuna kuna jambo jingine. Rwanda na Burundi huendesha kulia, wakati Tanzania, Uganda na Kenya huendesha kushoto. Dereva wa gari lenye usukani wa kulia akiwa upande huo hana macho mazuri ya kuona mbele ya lori analolifuata mlimani. Kushuka taratibu nyuma yake ni salama kuliko kubahatisha kulipita.

Isipofanya kazi, au isipokuwepo

Breki ya ekzosi hufa kimya kimya. Masizi hugandisha kile kipande cha chuma, mpira wa upepo hupasuka, waya hukatika, na gari linaendelea kutembea kama kawaida kwa sababu barabara ya tambarare haiulizi. Kuijaribu huchukua dakika moja kabla ya safari: gari likiwa kwenye gia ya tatu, katika mwendo wa wastani, kijiti kinavutwa na mguu unaachia mafuta. Taa iwake, mlio wa ekzosi ubadilike, na waliomo wasikie gari likishikwa. Kama hakuna kinachobadilika, fundi ana kazi.

Pikapu nyingi za kawaida zinazotumika ukanda huu, zikiwamo Hilux, hazikuja na breki ya ekzosi kutoka kiwandani. Dereva wake anabaki na gia ndogo, mwendo mdogo na mzigo mdogo. Zenye gia za kujibadilisha zina nafasi ya kuchagua gia kwa mkono, na mlimani nafasi hiyo ndiyo ya kutumia badala ya kuiachia D iamue.

Breki za ekzosi za kununua na kufunga baadaye zipo. Zinahitaji kulinganishwa na injini husika, kwa sababu kila injini ina kiwango cha mgandamizo ambacho spiringi za vali zake zinaweza kuhimili. Kikipitwa, vali hufunguka wakati usiotakiwa. Fundi anayechomelea kipande cha bati kwenye bomba na kuweka waya wa kuvuta hajatengeneza breki ya ekzosi. Ametengeneza njia ya kuua injini.

Nafasi ya mwenye mzigo

Ni rahisi kusema yote haya ni kazi ya dereva. Hata hivyo mfanyabiashara anashika sehemu ya uamuzi kabla gari halijawashwa, na mara nyingi huitoa bure.

Sehemu ya kwanza ni uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka magari yenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500 yapite mizani, na kikomo cha juu kabisa kwa magari makubwa ni tani 56. Pikapu nyingi zikiwa peke yake hazifiki kiwango hicho cha kuanzia. Na hata kwa Canter iliyopita mizani, risiti ile inalinda barabara, haisemi neno juu ya hali ya breki. Magunia kumi yaliyoongezwa juu ili kugawana nauli yanapandishwa na injini bila lalamiko, lakini lazima yashushwe na kitu fulani.

Sehemu ya pili ni muda. Foleni ya forodha ikishakula saa nne, simu ya mwenye mzigo inayomtaka dereva afike sokoni kabla ya alfajiri inamwambia afidie saa hizo mahali fulani. Mahali hapo mara nyingi ni mteremko. Tofauti kati ya kushuka kilometa 8 kwa kasi ya 30 na kuzishuka kwa kasi ya 60 ni dakika 8 tu.

Sehemu ya tatu ni bima. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inashiriki, huwalinda watu wengine wanaodhurika na gari likiwa nje ya nchi yake. Hailipi nyanya zilizomwagika wala gari lililobeba nyanya hizo. Mfanyabiashara mdogo anayetumia utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, huwa ameweka mtaji wake wote kwenye gari moja, pengine pamoja na wenzake watano. Bima ya mizigo iliyo safarini hukatwa peke yake. Kwa asiyekuwa nayo, breki ya gari alilokodi ndiyo bima yake.

Kwa hiyo maswali machache kabla ya kulipa nauli si kumdharau dereva. Gari lina uwezo wa tani ngapi na limepakia ngapi? Breki ya ekzosi inafanya kazi? Tela lina breki zake? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Dereva mzuri huyajibu bila kukunja uso, na utingo, au taniboi kama wanavyosema Wakenya, ataonyesha taa ikiwaka. Mwenye gari anayekasirika kwa kuulizwa ameshajibu.

Wafanyabiashara wanaokodi gari kwa pamoja wana nguvu zaidi ya mmoja mmoja. Kikundi kinachosafirisha mzigo kila wiki kinaweza kukubaliana na mwenye gari mambo mawili: dereva asipimiwe dizeli kwa namna inayomfanya afaidike akishuka nyutro, na safari ipangwe kwa saa zinazotosha kushuka mlima kwa gia. Gharama ya makubaliano hayo ni dakika chache kwa kila mteremko. Kwa Canter inayoshuka Kitonga usiku ikiwa na mali ya familia sita, hiyo ni bei ndogo kuliko zote zilizolipwa katika safari hiyo.